Injini Iliyolala: Sura Moja ya Historia ya Ndege Ndogo

Utangulizi

Karne ambayo sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania huitazama zinapoadhimisha miaka 100 ndiyo karne ileile ambayo ndege ndogo ilizaliwa, ikakua na kuenea ulimwenguni. Ndege ya ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, iliruka kwa mara ya kwanza huko Marekani tarehe 17 Desemba 1903, ikisukumwa na injini ya silinda nne yenye nguvu ya farasi wapatao 12, iliyotengenezwa na fundi wao Charles Taylor. Wazee walioanzisha sharika walisafiri kwa miguu kutoka kituo hadi kituo. Wajukuu wao wameona ndege yenye injini moja ikitua katika uwanja wa majani, ikimshusha daktari pamoja na dawa. Kwa sababu hiyo habari za chombo hiki si ngeni katika kitabu cha kumbukumbu.

Hata hivyo, katika historia ya ndege ndogo ipo sura ambayo haisimuliwi mara nyingi. Nayo ni habari ya ndege iliyokaa. Ndege iliyoanguka huandikwa magazetini, na ndege iliyoshinda bahari husifiwa. Lakini ndege iliyofunikwa turubai pembeni mwa uwanja, ikingoja vipuri, au fedha, au rubani, haina mwandishi. Siku moja watu huikumbuka, huifunua, hutia petroli na kutaka iruke. Hapo ndipo maswali huanza: kwa nini injini haiwaki, au kwa nini inawaka na kutetemeka, au kwa nini inazimika baada ya kuondoka ardhini?

Wengi hudhani kwamba chombo kisichotumika hakichakai. Historia inaonyesha kinyume. Tena inaonyesha kwamba adui mkubwa wa injini iliyolala si wingi wa miaka, bali ni unyevu, na kwamba kazi ya kuiamsha inapaswa kuanza muda mrefu kabla ya mtu kugusa swichi.

Rufiji na Mafia, 1914 hadi 1915

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki unapatikana katika delta ya mto Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika mikondo ile yenye kina kifupi. Ilibidi adui atazamwe kutoka angani.

Ndipo akaletwa rubani wa kiraia aliyeitwa Dennis Cutler, kutoka Durban, pamoja na ndege za majini aina ya Curtiss. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Nyororo. Katika safari yake ya kwanza, mwezi Novemba, alipotea katika mawingu ya mvua akalazimika kutua karibu na kisiwa kingine. Rediata ya injini yake ilikuwa imeharibika, na katika pwani nzima hapakuwa na rediata ya ndege. Manowari moja ilipelekwa Mombasa, ikarudi na rediata ya gari la Ford. Kwa rediata hiyo ya gari Cutler aliruka tena, na ndiye aliyeiona Königsberg kutoka juu. Lakini mwezi Desemba injini ilimwangusha akiwa ndani ya delta. Alitua mtoni akatekwa. Wenzake waliingia kwa mashua chini ya risasi, wakaiburuta ndege yake hadi baharini, lakini yeye mwenyewe hawakumpata.

Mwezi Februari 1915 zilifika ndege nyingine za majini, aina ya Sopwith, zilizoletwa na kikosi cha Luteni John Cull. Injini zake zilikuwa za Gnome, ambazo silinda zake huzunguka pamoja na panga boi. Zilipotolewa katika masanduku na kuunganishwa, joto na unyevu wa pwani viliwaonyesha mafundi jambo ambalo hawakuliona Ulaya. Gundi iliachia. Mbao za panga boi zilibanduka. Mipira ya kupitishia petroli ilioza. Ndege zilizokusudiwa kubeba watu wawili na mabomu hazikuweza kuondoka majini na mzigo huo. Ndege za aina ya Short zilizofuata mwezi Aprili zilifaulu zaidi, ingawa nazo zilipanda kwa shida katika hewa ya joto.

Kazi ilikamilika kwa ndege za nchi kavu zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta, wakiziongoza kwa redio meli mbili za mizinga, Severn na Mersey. Injini yao ilipigwa risasi ikafa. Ndege ilipokuwa ikishuka bila nguvu, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Wote wawili walianguka majini wakaokolewa, na Königsberg ikateketezwa siku hiyohiyo.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kama habari za vita. Kwa fundi wa injini zina maana nyingine. Ndege zile za Sopwith hazikuharibika kwa kuruka mno, wala hazikuwa zimekaa miaka. Majuma machache katika sanduku na katika hewa yenye chumvi yalitosha. Pwani ya Afrika Mashariki ilitoa mapema fundisho ambalo viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuja kuliandika katika miongozo yao miaka mingi baadaye.

Barafu na banda la shamba

Ili kuelewa fundisho hilo, inafaa kulinganisha Rufiji na mahali palipo kinyume chake kabisa. Mwaka 1928 Mmarekani Richard Byrd alikwenda Antaktika na ndege tatu. Moja iliharibiwa na dhoruba. Mbili zilizobaki, yaani ndege kubwa ya Ford yenye injini tatu na ndege ndogo ya Fairchild yenye injini moja iliyoitwa Stars and Stripes, ziliachwa huko mapema mwaka 1930, msafara uliporudi nyumbani. Theluji ilizifunika.

Byrd aliporudi mwezi Januari 1934, watu wake waliingia katika nyumba zilizozikwa wakakuta chakula kilichoachwa miaka minne nyuma bado kinalika. Ndege nazo zilichimbuliwa zikiwa nzima, zikarejeshwa Marekani. Miaka minne katika barafu haikuziharibu jinsi majuma machache ya Rufiji yalivyoziharibu Sopwith. Tofauti haikuwa muda. Katika baridi ile kali hewa haibebi maji mengi, na pasipo maji kutu haipati nafasi ya kuanza kazi yake.

Mfano wa tatu unatoka Uingereza. Mwaka 1912 mtengenezaji Robert Blackburn aliunda ndege yenye mabawa mawili tu, moja kila upande, na injini ndogo ya Gnome ya nguvu ya farasi 50. Baada ya ajali ya mwaka 1914 iliwekwa kando shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijana aliyependa vyombo vya kale, Richard Shuttleworth, aliipata akaanza kuitengeneza. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1940 katika ajali ya ndege akiwa mwanajeshi wa anga, na wengine wakaimaliza kazi baada ya vita. Ndege ile ikaruka tena. Lakini haikuruka kwa sababu mtu alitia petroli na kuzungusha panga boi. Iliruka kwa sababu ilifunguliwa kipande kwa kipande, kila kipande kikatazamwa, na kilichooza kikabadilishwa.

Kinachoharibika ndani ya injini

Injini inapowaka, hutoa maji. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ni kweli: lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa ni karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa eksozi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika oili pamoja na asidi zitokanazo na mwako. Injini ikifanya kazi kwa saa nzima angani, oili hupata joto la kutosha na maji hayo hutoka kama mvuke. Injini ikizimwa mapema, maji hubaki.

Kisha injini hulala. Mchana chuma hupata joto na hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Usiku chuma hupoa, na hewa mpya yenye unyevu huingia. Asubuhi umande huwa umetanda juu ya vyuma vilivyong'arishwa. Mwanzoni utando wa oili huvilinda, lakini siku hadi siku oili huteremka chini kwa uzito wake, na chuma hubaki uchi.

Hapa muundo wa injini una maana kubwa. Ndege nyingi ndogo zinazoruka Afrika hutumia injini za Kimarekani za Lycoming au Continental, ambazo silinda zake zimelala ubavuni. Katika injini za Lycoming za aina hiyo, shafti inayofungua valvu iko juu ya shafti kuu. Kwa hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazokauka mapema. Vidoa vya kutu hujitokeza juu yake bila mtu kuviona. Injini ikiwashwa, vidoa hivyo huwa vishimo, vishimo husaga vyuma vilivyo jirani, na baada ya saa kadhaa za kuruka vipande vidogo vya chuma hukutwa katika kichujio cha oili. Rubani hakufanya kosa lolote siku hiyo. Kosa lilifanyika miezi mingi nyuma, ndege ikiwa imesimama.

Kwa sababu hiyo kampuni ya Lycoming hushauri kwamba injini inayotumika iruke angalau saa moja katika kila siku 30, oili ikiwa na joto la kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kampuni hiyohiyo huonya dhidi ya desturi mbili zinazopendwa na watunzaji wenye nia njema. Ya kwanza ni kuiwasha injini kwa dakika chache chini kisha kuizima. Joto lake halitoshi kuondoa maji, bali huongeza maji mapya. Ya pili ni kuzungusha panga boi kwa mkono kila juma ili injini isigande. Mzunguko huo hufuta oili kidogo iliyobaki na wala hauleti nyingine. Mlinzi wa ndege aliyefanya hivyo kwa uaminifu kwa miaka miwili anaweza kuwa ameiharibu zaidi ya yule aliyeiacha.

Mbali na kutu, yapo maadui wengine. Petroli iliyokaa hupoteza nguvu yake na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya karbureta. Mipira na gasketi hukauka na kupasuka. Vituo vya magneto, ambamo cheche huzaliwa, hushika uchafu. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda matundu membamba, hivyo huziba njia ya hewa ya tangi la petroli pamoja na mrija unaopima mwendo wa ndege. Ndege wa porini hujenga viota chini ya kifuniko cha injini. Panya hutafuna nyaya, na mkojo wao hula aluminiamu.

Ndege katika kazi ya misheni

Makanisa na mashirika ya huduma yaliingia katika usafiri wa anga mapema. Mwaka 1935 misheni ya Kilutheri huko New Guinea ilipata ndege ya Junkers F 13, ikaiita Papua. Katika nchi ile ya milima, safari ya siku nyingi za miguu iligeuka kuwa ya dakika. Mwaka 1945 marubani Wakristo wa Marekani waliunda umoja ambao baadaye uliitwa Mission Aviation Fellowship. Ndege yao ya kwanza ilikuwa Waco iliyoundwa mwaka 1933, na rubani wa safari ya kwanza, mwaka 1946, alikuwa mwanamke, Betty Greene. Ndege hiyo ilipovunjika huko Mexico mikononi mwa rubani mwingine, kijana fundi aitwaye Nate Saint alisafiri kwenda kuitengeneza. Mwaka 1948 Jack Hemmings na Stuart King walitoka Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Miles Gemini ili kuchunguza mahitaji ya Afrika. Safari yao iliishia kwa ajali katika milima ya Burundi, nao wakatoka wazima. Mwaka 1957, chini ya mlima Kilimanjaro, Michael Wood na madaktari wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF.

Ndege ya huduma za namna hii iko katika hatari ya kulala kuliko ndege ya biashara. Ndege ya biashara isiporuka, mwenyewe hupata hasara kila siku, kwa hiyo huihangaikia. Ndege ya huduma hutegemea mchango, kibali, kipuri kinachotoka ng'ambo, na rubani ambaye huenda mkataba wake umekwisha. Mvua ikiharibu uwanja, husimama. Na siku ya kuiamsha, mara nyingi kuna mgonjwa anayengoja. Ndiyo maana haraka yake huwa na sababu nzuri, na haraka yenye sababu nzuri ndiyo iliyo ngumu kuikataa.

Nate Saint alilielewa jambo hili. Akiwa Ekuador, ambako aliruka juu ya msitu usio na mahali pa kutua, alitafakari kwamba injini nzima inaweza kufa kwa sababu ya uchafu mdogo katika njia ya petroli. Alifunga tangi dogo katika nguzo ya bawa la ndege yake ya Piper, akapeleka petroli kwa mrija hadi katika njia ya hewa ya injini, akiikwepa karbureta kabisa. Alipoijaribu, injini iliendelea kufanya kazi ingawa njia yake ya kawaida ilikuwa imefungwa. Saint aliuawa tarehe 8 Januari 1956 pamoja na wenzake wanne kando ya mto Curaray, wala kifo chake hakikutokana na injini. Fikra yake ilibaki: hitilafu itafutwe ardhini, kwa kuuliza kila kiungo kitafanya nini kikishindwa.

Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Mafundi wa leo wamerithi uzoefu huu wote, nao huufuata kwa utaratibu. Hatua ya kwanza si ya vyuma bali ya karatasi. Kila ndege ina kitabu cha kumbukumbu ambamo kila saa ya kuruka na kila tengenezo huandikwa kwa tarehe. Fundi husoma mapengo. Akiona kwamba kati ya ingizo moja na lingine imepita miaka mitatu, anajua la kutafuta kabla ya kufungua kifuniko.

Pili, kabla ya panga boi kuguswa, huhakikisha kwamba magneto zimezimwa kweli. Magneto haihitaji betri. Hujitengenezea umeme wake yenyewe inapozungushwa, na huzimwa kwa waya unaoiunganisha na mwili wa ndege. Waya huo ukikatika, au ukitafunwa na panya, swichi itaonyesha kwamba imezimwa na kumbe iko hai. Mtu akisukuma panga boi kidogo, injini inaweza kuwaka na kumkata. Kwa hiyo kila panga boi huhesabiwa kuwa liko hai.

Tatu, fundi huondoa petroli ya zamani yote. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi, na tangi lililoachwa nusu hukusanya umande mwingi zaidi. Humwaga kutoka sehemu ya chini kabisa, hutazama katika chupa safi, husafisha vichujio, hufungua karbureta na kukagua mipira yote. Njia za hewa za matangi huzibuliwa. Tundu moja lililozibwa na nyigu huweza kuizima injini hata kama tangi limejaa, kwa sababu petroli haishuki pasipo hewa kuingia mahali pake.

Nne, huondoa plagi na kuingiza taa na kamera ndogo ndani ya kila silinda. Hapo kutu huonekana kwa macho. Akiona ukuta wa silinda ukiwa mwekundu, huishia hapo, kwa sababu injini hiyo inapaswa kufunguliwa. Ikiwa kuta ni safi, hunyunyiza oili, humwaga oili ya zamani na kutia mpya, kisha huizungusha injini kwa starta, plagi zikiwa bado nje, mpaka kipimo kionyeshe kwamba oili imepanda. Plagi zikiwa nje hakuna mkandamizo, hivyo vyuma hupakwa oili kabla ya kubebeshwa mzigo.

Ndipo injini huwashwa. Oili isipoonyesha mkandamizo ndani ya sekunde 30, huzimwa mara moja. Ikitetemeka inapokuwa baridi na kutulia inapopata joto, mafundi husema ina ugonjwa wa asubuhi: valvu moja imekwama katika mwongozo wake kwa sababu ya masizi. Wapo marubani wanaofurahi mtetemo unapokoma, wakidhani injini imejiponya. Kumbe ile ndiyo dalili ya mapema, na valvu ileile inaweza kukwama tena angani.

Kisha magneto hupimwa, moja baada ya nyingine. Kila silinda ina plagi mbili, na kila magneto huhudumia moja. Katika ndege ya Cessna 172 ya zamani, magneto moja ikizimwa, mizunguko haipaswi kushuka zaidi ya 125 kwa dakika, wala tofauti kati ya magneto mbili kuzidi 50. Ikishuka zaidi kwa mtikisiko, huenda plagi moja imeshika uchafu au risasi itokanayo na petroli. Isiposhuka hata kidogo, wengi hushangilia, lakini fundi hushtuka, maana huenda magneto inayodhaniwa imezimwa haizimiki.

Mwisho hupimwa mkandamizo wa kila silinda. Hewa ya ratili 80 kwa inchi ya mraba huingizwa, na fundi hutazama ni kiasi gani kinachobaki. Ikiwa ni chini ya 60, ana kazi ya kufanya. Naye husikiliza kwa sikio mahali hewa inapotorokea. Ikivuma katika eksozi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma katika karbureta, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea katika tundu la oili, ni ringi za pistoni. Baada ya saa chache za kwanza, kichujio cha oili hukatwa na kukunjuliwa, na karatasi yake hutazamwa juani kama ina chembe za chuma.

Safari ya kwanza hufanywa na rubani peke yake, mchana, katika hali njema ya hewa, akizunguka juu ya uwanja ili aweze kurudi hata injini ikifa. Mgonjwa hapakiwi katika safari hiyo, hata kama amengoja.

Dalili ndogo isiyodharauliwa

Gharama ya kudharau dalili ilionekana Australia mwaka 1929. Rubani maarufu Charles Kingsford Smith alikuwa amepotea, na Keith Anderson pamoja na fundi Hitchcock waliondoka kwa haraka kumtafuta kwa ndege ndogo iliyoitwa Kookaburra. Njiani fimbo moja isukumayo valvu ililegea. Waliirekebisha wakaendelea, wakiwa na maji kidogo. Tarehe 10 Aprili hitilafu ilirudi juu ya jangwa la Tanami. Walitua salama, lakini hawakuweza kuondoka tena katikati ya vichaka, na wote wawili walikufa kwa kiu. Kingsford Smith na wenzake walipatikana wakiwa hai. Mabaki ya Kookaburra yaligunduliwa tena mwaka 1978.

Wala isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kale au ya ndege ndogo peke yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha safari, maelfu ya ndege kubwa zililazwa. Mwezi Julai mwaka huo mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ukaguzi wa dharura kwa ndege za Boeing 737 za matoleo ya zamani zilizokaa siku saba au zaidi, kwa sababu valvu fulani za hewa za injini zilikutwa na kutu, na kulikuwa na hatari ya injini zote mbili kuzimika. Mwezi Agosti mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilionya kuhusu vipimo vya mwendo vinavyodanganya baada ya ndege kukaa, mojawapo ya sababu ikiwa ni wadudu waliojenga katika mirija. Nyigu wa uwanja wa majani na mdudu wa uwanja wa kimataifa walifanya kazi moja.

Hitimisho

Kutoka Rufiji hadi Tanami, na kutoka banda la shamba la Uingereza hadi viwanja vilivyojaa mwaka 2020, historia inarudia jambo lilelile. Chombo kilichotumika vizuri huchakaa polepole na kwa dalili zinazoonekana. Chombo kilicholala huchakaa ndani, kwa siri, na huonyesha hasara yake siku kinapohitajiwa zaidi. Aliyekitunza kwa kukiwasha kidogo kidogo bila kukipa kazi hakukitunza.

Tena historia hii inampa heshima mtu ambaye jina lake halibaki vitabuni. Jina la rubani aliyeruka huandikwa. Fundi aliyesema, "Leo hairuki," haandikwi popote, isipokuwa katika mstari mmoja wa kitabu cha ndege: tarehe, silinda ya tatu, mkandamizo 52, imefungiwa matengenezo. Mgonjwa akalazimika kupelekwa kwa gari, safari ya siku mbili badala ya saa moja, na huenda wengi walimlaumu fundi huyo. Juma lililofuata silinda ilibadilishwa, injini ikapimwa upya, na mstari mwingine ukaandikwa chini ya ule wa kwanza.